Vidonge vya fenobabitoni kwa mbwa mwenye kifafa: tathmini kutoka nyumba inayoitumia

Dawa ninayoiandikia tathmini hii ni ya zamani kuliko karibu kila dawa nyingine iliyomo katika kabati letu. Fenobabitoni iliingia sokoni mwaka 1912, ikiuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani kwa jina la Luminal kama dawa ya usingizi, na mwaka huohuo daktari kijana Alfred Hauptmann, aliyekuwa akifanya kazi Freiburg, aligundua kwamba wagonjwa wa kifafa aliowapa ili walale walikuwa wakianguka mara chache kuliko kawaida yao. Zaidi ya miaka mia moja baadaye dawa hiyo bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya binadamu, na bado ndiyo ambayo madaktari wengi wa mifugo huanza nayo mbwa anapothibitika kuwa na kifafa. Sisi tunampa mbwa wetu, Bobi, hapa Morogoro, na tunatarajia kuendelea kumpa kwa maisha yake yote.

Hukumu yangu naitoa mapema ili anayetafuta jibu la haraka alipate. Dawa inafanya kazi, bei yake inabebeka, na kwa mbwa mwenye ini zima sioni sababu ya kuanza na nyingine. Hata hivyo haimfai kila mwenye mbwa, kwa sababu inadai utaratibu ambao nyumba nyingi hazijauzoea, na nyumba isiyoweza kuutimiza inaweza kumletea mbwa hatari kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kabla ya kuanza.

Lazima niseme kwanza jambo kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa kuwa katika mitaa yetu mbwa anayeanguka huhukumiwa upesi kuliko anavyotibiwa. Bobi ni chotara wa German Shepherd, aina ambayo ni miongoni mwa zile zinazojulikana kurithishana kifafa. Alianza kuanguka akiwa na umri wa miaka mitatu, ndani ya kile kipindi cha kati ya miezi sita na miaka sita ambacho kifafa kisicho na chanzo kingine huanza kwa mbwa wengi. Alikakamaa, akalala ubavu, miguu ikawa inapiga mbio hewani, mate yakamtoka, akajikojolea, kisha akainuka na kuzunguka ua bila kututambua. Jirani aliyeona kupitia uzio alimwita mke wangu akamwambia: “Mama Neema, huyo mbwa ana kichaa. Msimkaribie, mwiteni bwana mifugo aje ammalize.”

Hofu ya jirani ilikuwa na msingi. Kichaa cha mbwa kipo nchini na kinaua watu, hivyo mbwa mwenye degedege asiye na chanjo ni lazima atazamwe kwa tahadhari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba mbwa aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa hufa kwa kawaida ndani ya siku kumi hivi, ilhali mwenye kifafa huamka, hula, na baada ya saa chache au siku moja hurudia hali yake, mpaka aanguke tena majuma au miezi baadaye. Daktari aliangalia kwanza kadi ya chanjo. Akauliza kuhusu sumu ya panya, dawa za kuogeshea mifugo na distempa, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa, kisha akatoa damu ili kupima sukari, ini na figo, kwa kuwa kila kimojawapo kati ya hivyo kinaweza kumwangusha mbwa na kila kimoja kina njia yake ya kushughulikiwa. Majibu yalipotoka safi ndipo neno kifafa lilipotamkwa. Ninamsihi msomaji asiruke hatua hii, kwa sababu vidonge vikitolewa kabla yake vinaweza kufunika kwa muda dalili za ugonjwa mwingine huku ugonjwa huo ukiendelea kumla mbwa.

Si kila mbwa aliyeanguka mara moja huanzishiwa dawa. Madaktari kwa kawaida hupendekeza kuanza pale mbwa anapoanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au kifafa kinapomjia mfululizo, au anguko moja linapochukua muda mrefu kupita kiasi. Bobi alikuwa ametimiza kigezo cha kwanza.

Kidonge tunachotumia ni cha miligramu 30, kilekile wanachopewa watu. Kiwango cha kuanzia kwa mbwa huwa kati ya miligramu 2 na 3 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa siku. Bobi ana kilo 30, hivyo daktari aliandika miligramu 75 kila baada ya saa 12, yaani vidonge viwili na nusu saa moja asubuhi na viwili na nusu saa moja jioni. Mfamasia anaweza kukuuliza mara mbili akiona cheti cha namna hiyo, na ni vema aulize. Maelezo yake ni kwamba ini la mbwa huivunja dawa hii haraka kuliko ini la mtu, kwa hiyo kwa kila kilo ya mwili mbwa huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Dawa yenyewe hufanya kazi kwa kuipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza neva, ili msisimko unaoanza sehemu moja usisambae kote. Haifiki kiwango chake cha kudumu katika damu kabla ya wiki mbili hivi. Mbwa akianguka katika siku za mwanzo, huo si ushahidi kwamba imeshindwa, na haifai mtu kumwongezea vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kuhusu kama inafanya kazi, nina ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa watafiti: katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliolinganisha dawa hii na bromidi, dawa nyingine ya kifafa, kwa mbwa 43 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza tiba, kifafa kilikoma kabisa kwa asilimia 85 ya waliopewa fenobabitoni, na kwa asilimia 52 ya waliopewa bromidi. Wa pili ni wa Bobi. Kabla ya dawa alikuwa akianguka karibu kila mwezi, na kila anguko lilifuatwa na usiku mzima wa kutangatanga na kubweka. Sasa vipindi vya utulivu ni virefu kiasi kwamba mtoto wetu mdogo amekua bila kumwona akianguka. Sisemi amepona, kwa kuwa dawa hii haiponyi. Inakizuia kifafa kwa muda wote ambao imo katika damu. Wapo pia mbwa, pengine robo yao au zaidi, ambao dawa moja haiwatoshi hata ikitolewa kwa usahihi wote, na wenye mbwa hao wasijilaumu.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Bobi alilala mchana kutwa, akiamka miguu ya nyuma ilipepesuka, na mbwa aliyekuwa wa kwanza kufika getini sasa alinyanyua kichwa tu mtu akibisha hodi. Familia iligawanyika. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, alisema wazi kwamba tunamlevya mbwa wa watu na kwamba ni heri kuanguka mara moja kwa mwezi kuliko kuishi hivyo. Daktari alitueleza kwamba hali hiyo hupungua kwa mbwa wengi ndani ya wiki mbili au tatu, mwili ukishazoea, na ndivyo ilivyokuwa. Kama ningeweza kuandika sentensi moja juu ya chupa ya dawa hii, ingekuwa hiyo, kwa sababu ninaamini mbwa wengi huachishwa tiba katika kipindi hichohicho na watu wenye huruma ya kweli.

Kiu na mkojo navyo huongezeka. Mbwa wetu hulala nje, kwa hiyo ndoo ya pili ya maji ilitosha kulimaliza suala hilo. Anayefuga ndani ya nyumba ajiandae kumtoa mara nyingi zaidi, hata usiku.

Njaa ndiyo ambayo haikuondoka. Miongoni mwa madhara yote ya dawa hii, hili ndilo lililobadilisha maisha ya nyumba, na ndilo ambalo maelezo ya dukani huligusa kwa neno moja tu. Mbwa aliyekuwa akiacha ugali sufuriani sasa anakula chochote: maganda ya ndizi, sabuni ya kufulia, chakula cha kuku, na magunzi ya mahindi. Magunzi ndiyo yaliyotutia hofu zaidi, kwa kuwa huweza kuziba utumbo wa mbwa na kuhitaji upasuaji, na katika msimu wa mahindi mabichi hayakosekani uani. Ilitubidi kununua pipa la taka lenye kifuniko cha kubana, kuwakataza watoto kula wakitembea uani, na kumwomba kila mgeni asimrushie kitu hata akimtazama kwa macho ya kuomba. Chakula chake tunakipima. Ugali wa dona tumeupunguza kidogo, na mahali pake tumeweka boga na mchicha uliochemshwa bila kitunguu, kwa sababu kitunguu ni sumu kwa mbwa. Utumbo na dagaa vimebaki kwa kiasi kilekile. Tunampandisha kwenye mizani ya duka la nafaka mara kwa mara, kwa kuwa mbwa akinenepa, dozi yake hubadilika pia, na tatizo moja huzaa jingine.

Sasa nizungumzie saa, ambayo kwangu ndiyo bei halisi ya dawa hii. Dozi mbili kwa siku, zikiachana kwa saa 12, ni jambo linaloonekana jepesi mpaka nyumba ipate msiba Ifakara, au umeme ukatike watu wakalala mapema, au dada wa kazi aende likizo. Dawa ikikatizwa ghafla ubongo uliozoea kutulizwa huachwa wazi, na kifafa kinachokuja baada ya hapo mara nyingi huwa kikali kuliko kile cha mwanzo, tena kinaweza kuja mfululizo bila kupumzika. Kwa hiyo tumebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni yenye safu mbili, asubuhi na jioni, na anayetoa dawa hutia alama papo hapo, ili asiwepo wa kudhani kwamba mwenzake ameshatoa. Vidonge vinafichwa ndani ya tonge la ugali lililochovywa mchuzi wa maini, kwa kuwa vina uchungu kidogo na Bobi, pamoja na njaa yake yote, amejifunza kuvitema vikiwa vitupu. Dozi ikichelewa hutolewa mara inapokumbukwa. Ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, hatuzijumlishi. Tukisafiri, kijana wa jirani huja kumpa, na malipo yake tunayahesabu kuwa sehemu ya gharama ya tiba.

Upatikanaji una pande mbili. Dawa yenyewe ni ya kawaida katika maduka ya dawa za binadamu, haihitaji friji, na ya mwezi mzima hugharimu kiasi kidogo kuliko chakula cha Bobi cha muda huohuo. Lakini imo chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo hutolewa kwa cheti, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Duka moja tulilozoea kununua liliwahi kuishiwa bila kutujulisha, na mhudumu wake akatushauri tukae siku chache bila dawa mpaka mzigo ufike. Ushauri huo ungeweza kumwua mbwa. Tangu wakati huo hatungoji chupa iishe: tunapobakiwa na vya wiki mbili, mtu anakwenda kununua. Ninashauri pia kusoma lebo kila mara, kwa kuwa vidonge huja kwa nguvu tofauti, na kidonge kinachofanana kwa sura na rangi kinaweza kuwa na miligramu mara mbili. Chupa inafungiwa kabatini juu, mbali na watoto, kwa sababu kiasi cha dozi za mbwa mkubwa kinaweza kumtia mtoto katika usingizi wa hatari.

Udhaifu mkubwa wa dawa hii katika mazingira yetu ni vipimo vinavyoandamana nayo. Kiasi cha dawa katika damu kinapaswa kupimwa baada ya wiki mbili hivi, tena baada ya wiki sita, kisha kila miezi sita, na kila dozi inapobadilishwa. Madaktari wengi hulenga kati ya mikrogramu 25 na 30 kwa mililita, na huogopa kuvuka 35, kwa kuwa juu ya hapo ini huanza kuwa hatarini. Sababu ya kupima mara kwa mara ni kwamba fenobabitoni hulifundisha ini kuivunja upesi zaidi, hivyo kiasi kinaweza kushuka katika miezi ya mwanzo ingawa vidonge havijabadilika hata kimoja. Kipimo hiki hakipo kila mahali. Sisi tuna bahati ya kuishi karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chenye ndaki ya tiba ya wanyama, kwa hiyo wa kumwuliza hakosekani. Hata hivyo gharama ya sampuli moja kupelekwa maabara inayokipima ilizidi gharama ya vidonge vya miezi kadhaa. Anayepanga bajeti ahesabu vipimo kwanza, vidonge baadaye. Aelewe pia kwamba kimeng’enya kimoja cha ini, kinachoandikwa ALP kwenye majibu, hupanda kwa mbwa wengi wanaotumia dawa hii bila ini kuharibika. Daktari huangalia zaidi albumini, bilirubini na asidi za nyongo, vipimo vingine vya damu vinavyoonyesha kazi ya ini, kabla ya kutoa neno la kuogofya.

Nimeulizwa kwa nini tusitumie dawa mpya zaidi. Imepitoini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2013 kwa ajili ya mbwa, inasifiwa kwa kutowalaza sana, lakini sisi hatukuipata, na ushahidi wake kwa mbwa wanaoanguka mfululizo ni dhaifu. Levetirasetamu haichoshi ini, ila kwa kawaida hutakiwa kila baada ya saa nane, na nyumba inayopigana na dozi mbili sioni itakavyoziweza tatu. Potasiamu bromidi ina faida ya kutolewa na figo badala ya ini, na mara nyingi huongezwa pale fenobabitoni peke yake isipotosha. Ubaya wake kwetu uko jikoni. Chumvi ikiongezeka katika chakula, figo huitoa bromidi kwa kasi na kinga dhidi ya kifafa hushuka. Chumvi ikipungua, bromidi hujilundika na mbwa hulewa. Mbwa anayekula dagaa wakavu leo, mabaki ya pilau kesho na ugali mtupu keshokutwa hawezi kuwa na kiasi kimoja cha bromidi kwa wiki mbili mfululizo. Fenobabitoni haina ugomvi huo na chumvi, na kwa jinsi mbwa wetu wengi wanavyolishwa, hilo pekee linaipa nafasi ya kwanza.

Jambo jingine ni kupe. Mwezi Septemba mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za kupe na viroboto za kundi la isoksazolini, zikiwemo zile za kutafuna ambazo sasa zinauzwa hata huku, zinaweza kusababisha degedege kwa baadhi ya mbwa. Kwa mbwa mwenye kifafa, daktari aulizwe kabla ya kuzitumia. Vilevile, kwa kuwa fenobabitoni huliamsha ini kuvunja dawa nyingi nyingine kwa kasi, kila anayemtibu mbwa huyo homa ya kupe au kidonda aambiwe mapema anachotumia.

Vidonge hivi si dawa ya dharura. Mbwa akianguka, mwondoe karibu na ngazi au shimo, usitie mkono kinywani, kwa kuwa mbwa hamezi ulimi wake na atakuuma bila kujua, tazama saa, na mtu mwingine apige video ili daktari aone. Anguko likipita dakika tano bila kukoma, au akianguka zaidi ya mara moja ndani ya siku moja, hiyo ni safari ya kwa daktari papo hapo, huku akipozwa kwa maji ya kawaida kwa sababu joto la mwili hupanda sana. Daktari wetu alituachia diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, ya kutia kwa njia ya haja kubwa, yenye kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya Bobi peke yake, na ninamshauri kila mwenye mbwa wa kifafa aiombe.

Ninaipendekeza dawa hii, basi, kwa nyumba yenye angalau mtu mmoja ambaye asubuhi na jioni yake vinatabirika, yenye daktari anayefikika, na yenye uwezo wa kulipia kipimo cha damu mara mbili kwa mwaka. Siipendekezi kwa mbwa mwenye ugonjwa wa ini, wala kwa mbwa wa ulinzi anayelishwa na kila mlinzi wa zamu bila mmoja wao kuwajibika. Mbwa akikaa mwaka mmoja au miwili bila kuanguka hata mara moja, daktari anaweza kukubali dozi ipunguzwe polepole, kwa asilimia 20 au chini ya hapo kila mwezi, na hata hivyo wapo ambao kifafa huwarudia. Sisi tumelizungumza suala hilo, mama yangu akiwemo, na tumekubaliana kutoligusa kwa sasa. Bobi anaendelea na vidonge vyake viwili na nusu, na kipimo kijacho cha damu kitafanyika mvua za masika zikiisha.